Kisu cha kukunja kwa pesa kidogo: cha kuangalia ku soko, ku shamba na ku barieri

Wandugu wanafunzi, na ninyi wenye mulishamaliza lisansi, leo tuongee juu ya chombo kidogo ambacho hakuna profesa anatoa kozi yake: kisu cha kukunja, kile wengi tunaita kanifu. Mtu wa kazi ya shamba, awe agronome, veterineri, mwanafunzi wa staji ao mnunuzi wa kakao, anakihitaji karibu kila siku. Anafungua nacho mfuko wa mbegu, anakata kamba ku moto, anapasua muhogo aone kama ndani kuna madoa ya hudhurungi, anachukua kipande cha jani lenye ugonjwa, anamenya nanasi njiani wakati njaa inamkamata.

Shida ni kwamba pesa ya kijana aliyetoka chuo ni kidogo, visu vya bei kidogo ni vingi, na vingi kati yavyo ni vibaya. Kuko vinavyojifunga juu ya vidole. Kuko vinavyopoteza makali kisha kukata kamba tatu. Na kuko vingine vinakata vizuri, lakini sura yavyo inaweza kukuletea maswali mengi ku barabara ya Butembo na Beni.

Jambo la kushika ni hili: kwa pesa kidogo, nunua kisu cha kazi. Kisu cha kazi kinajulikana kwa mambo matatu. Hakijifungi chenyewe, kinanoleka ku jiwe la kawaida, na mtu yeyote akikiona anaelewa mara moja kwamba ni chombo cha mkulima. Mengine yote unaweza kuyaacha.

1. Kwanza ujue kazi yako

Mbele ya kuuliza bei, jiulize utakata nini. Kwa kazi nyingi za shamba, bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha. Huna rula? Pima na mkono wako: upana wa vidole vinne vya mtu mzima, bila gumba, ni karibu sentimita 8. Kazi inayoomba bapa refu kuliko hapo, mara nyingi ni kazi ya panga.

Kuko pia kazi ambazo kanifu haifai hata kama ni nzuri. Kupasua kakao ni mfano. Upande wa Mangina, Oicha ao Mutwanga, mara nyingi kakao inafunguliwa na chuma chenye makali. Makali yakipita ndani yanakata mbegu, na mbegu yenye jeraha inashikwa na ukungu kwa wepesi wakati wa kuchachusha na kukausha. Rungu ya mti inapasua ganda bila kugusa mbegu, tena ni ya bure.

Mfano wa pili ni grefe ya avoka, embe ao machungwa. Kisu cha grefe kimenolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ni sawa kabisa, ili jeraha litoke laini na vipande viwili vishikane bila kuacha nafasi. Kanifu ya kawaida imenolewa pande zote mbili, kwa hiyo jeraha lake linatoka na kilima kidogo. Kama huna pesa ya kisu cha grefe, wembe mpya utakufanyia kazi nzuri kuliko kanifu ya bei kubwa. Kwa mwanafunzi wa staji, hiyo ni pesa ameokoa.

2. Pesa yako iende wapi

Ku kanifu, vitu vya kulipia ni vitatu: chuma, kiungo na kufuli. Kompasi ndogo ku mpini, taa, rangi ya kijeshi, matundu ku bapa, yote ni mapambo. Kiwanda kikitoa kisu cha bei ndogo chenye vyombo kumi na moja ndani, ile pesa ndogo imegawanywa mara kumi na moja. Bapa moja nzuri inashinda.

Tuanze na chuma. Kuko familia mbili. Ya kwanza ni chuma cha kaboni. Kinanoleka upesi na makali yake yanatoka safi, lakini kinapata kutu, na utomvu wa ndizi ao maji ya nanasi yanakibadilisha rangi siku ile ile. Ile rangi ya kijivu si ugonjwa, kutu nyekundu njo ugonjwa. Familia ya pili ni inoksi. Ili chuma kiitwe inoksi kinapaswa kuwa na kromu kuanzia karibu asilimia 10.5. Kromu inachelewesha kutu, haiizuii milele. Ku visu vya bei kidogo utakuta mara nyingi inoksi za aina ya 420 ao 3Cr13. Ni laini kidogo: makali yanaisha upesi, lakini yanarudi upesi pia. Ukipata iliyoandikwa 8Cr13MoV, ile inashika makali zaidi.

Angalisho mbili hapa. Kwanza, maneno Inox, Rostfrei na Stainless yana maana moja, na hayasemi kitu juu ya makali. Kijiko pia ni inoksi. Pili, maandishi yanaweza kupigwa ku chuma chochote. Yasome, kisha ufanye majaribio ambayo tutayaona mbele.

Kuko watu wanasema, "Inoksi ya kweli haishikwe na sumaku." Kwa sufuria nyingi ni kweli. Kwa kisu ni kinyume. Inoksi ya visu, ile inayoweza kufanywa ngumu kwa moto, inashikwa na sumaku. Bapa ambalo sumaku hailitaki kabisa, mara nyingi ni chuma cha sufuria na vijiko, na hakitashika makali. Kipande cha sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa kinatosha kwa kujaribu.

Sasa kufuli. Hapa tunaongea juu ya vidole vyako. Kuko aina nne utakutana nazo:

– Resori tu. Bapa linashikiliwa na resori ya mgongo, hakuna kitu kinachofunga kabisa. Ni salama kwa kukata kawaida, lakini usichome nayo kitu wala usisukume ku mgongo wa bapa, juu itajifunga.

– Pete. Ukishafungua, unazungusha pete ya chuma ku shingo ya mpini, na bapa haliwezi kurudi. Ni kitu rahisi, hakina vipande vingi vya kuharibika.

– Kufuli ya mgongo. Kuna kipande ku mgongo wa mpini ambacho unakibonyeza ili kufunga kisu. Ikiwa imetengenezwa vizuri, ina nguvu.

– Kibati cha ndani. Ukifungua, kibati chembamba kinasogea na kusimama nyuma ya bapa. Ku kisu kizuri ni kufuli nzuri. Ku kisu cha bei ndogo sana, kibati kinakuwa chembamba sawa vile karatasi na kinateleza.

Kuko pia vile vya botoni, unabonyeza na bapa linaruka lenyewe. Hivyo muviache. Ile resori ndogo ya kurusha bapa inachoka upesi, vumbi na utomvu vinaimaliza, na tena hakuna kazi ya shamba inayoomba bapa liruke.

Vile vile, uepuke makali yenye meno sawa vile msumeno. Yanakata kamba vizuri siku za kwanza, lakini yakiisha, jiwe la kawaida haliwezi kuyarudisha.

Juu ya bajeti, shauri langu: usimalize pesa yote ku kisu. Chukua mfano uko na dola 6. Weka 4 ku kisu, moja na kitu ku jiwe la kunolea, zinazobaki zinunue chupa ndogo ya javeli na mafuta ya mashini ya kushonea. Kisu cha dola 4 chenye jiwe kitakata vizuri mwaka mzima. Kisu cha dola 6 bila jiwe kitakata wiki mbili, kisha kitageuka chombo cha kufungulia chupa.

Na kama pesa haifiki hata pale? Chukua kisu kidogo cha jikoni, kile cha kumenya viazi, umpe fundi wa viatu akushonee ala ya ngozi ao utengeneze yako na kartoni ngumu. Kisu kisichokunjwa hakina kiungo cha kulegea wala kufuli ya kuteleza. Kwa bei ile ile, mara nyingi chuma chake ni kizuri kuliko cha kanifu mbaya. Kinabaki mu mfuko wa kazi, basi.

3. Majaribio mbele ya muuzaji

Visu vingi tunavyoona ku kenkayeri za Butembo ao ku soko la Kilokwa kule Beni vinatoka Uchina. Wachuruzi wetu wanajua njia za Guangzhou na Dubai kuliko sisi tunavyojua njia ya bibliyoteki, na mizigo mingi inapitia Mombasa, Uganda, inaingia Kasindi. Kutoka Uchina si kosa. Uchina inatengeneza visu vizuri na vibaya, inategemea mnunuzi wa jumla aliomba bei gani. Kwa hiyo usinunue kwa jina la nchi. Ku sanduku moja, visu viwili vinavyofanana vinaweza kuwa tofauti. Omba uone vitatu ao vine, uchague.

Muuzaji atakuambia: "Mukubwa, hii ni orijino, toka Uswisi, hauwezi juta." Umujibu kwa heshima: "Asante papa, acha kwanza niangalie." Kisha ufanye hivi, pole pole:

Kwanza, fungua kisu kabisa, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa vidole vya mkono mwingine, upande wa mgongo. Sukuma kushoto na kulia, juu na chini. Bapa likicheza lingali jipya, kisha miezi mitatu litakuwa linayumba. Rudisha.

Pili, funga kisu uangalie kutoka juu. Bapa linapaswa kulala katikati ya mpini. Likiegemea upande mmoja, makali yatakuwa yanajikwaruza kila ukifunga.

Tatu, jaribu kufuli. Fungua, hakikisha imefunga, weka vidole vyako vyote mbali na njia ya makali, kisha gonga mgongo wa bapa kidogo ku ukingo wa meza ya muuzaji. Si kwa nguvu, ni kama kugonga mlango wa jirani. Kufuli ikiachia, hata mara moja kwa kumi, kisu kile kitakuja kukata mtu. Kwa kisu cha resori tu, usifanye jaribio hili. Angalia tu kama resori inarudisha bapa kwa nguvu na sauti kavu.

Nne, angalia makali ku mwangaza. Yaelekeze ku jua na uyatazame kutoka juu. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, pale hakuna makali. Kazi ya jiwe inaweza kurekebisha hiyo. Lakini ukiona upande mmoja umenolewa pana na mwingine mwembamba, ao ncha imepinda, kiwanda hakikujali, na pengine hakikujali chuma pia.

Tano, kata karatasi ya kaye. Ishike juu kwa vidole viwili, kata kuelekea chini. Kisu kizuri kinapita bila kurarua.

Sita, shika kisu sawa vile utafanya kazi, kwa dakika mbili nzima. Kama kuna kona inachoma kiganja pale dukani, ku shamba itakutoa malengelenge.

Ile yote inaomba dakika tano. Muuzaji mzuri hatakasirika. Akikataa usifungue kisu, ujue kwa nini.

4. Majina makubwa na nakala zao

Kuko majina mawili mutasikia. Opinel inatoka Savoie, Ufaransa, iliyoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Ni mpini wa mti, bapa moja jembamba, na tangu 1955 pete ya kufungia. Namba 8, ile inayojulikana zaidi, ina bapa la sentimita 8.5. Iko ya kaboni na ya inoksi. Huko Ulaya haizidi sana bei ya chakula cha mtu mmoja ku mgahawa, kwa hiyo kama uko na ndugu anayekuja, ni zawadi unaweza kuomba bila haya. Aiweke tu mu valizi ya chini, si mu kabini ya ndege. Kasoro yake ni mti: ukilowa, unavimba, na bapa linakuwa gumu kufunguka. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari na mvua tunaijua. Paka mafuta ku mti na ku kiungo, na usikilaze mu mfuko wenye maji.

La pili ni Victorinox ya Uswisi, kile kisu chekundu chenye msalaba. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884. Nakala zake ni nyingi sana ku soko zetu, na msalaba ku mpini hauthibitishi kitu. Yafanye majaribio yale yale. Nakala ikipita majaribio, nunua kwa bei ya nakala.

5. Kunoa ni nusu ya kisu

Kisu kisichokata ni hatari kuliko kinachokata, juu unasukuma kwa nguvu na kinateleza. Kunoa hakuombi mashini. Tena mashini ya mawe ya kuzunguka, ile ya mafundi wa kuchomelea, muiepuke kwa kanifu. Inachoma makali. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu, pale ugumu wake umeondoka na hautarudi kwa kunoa.

Chukua jiwe la kunolea, ulilowanishe na maji. Shida ya wengi ni pembe. Kunja kona ya karatasi: kona nzima ni digri 90. Ikunje mara moja, ni 45. Ikunje tena, ni 22 na nusu. Weka ile karatasi ku jiwe, lalisha bapa juu yake, ujue jicho lako linatafuta nini. Ku pembe hiyo, ao ndogo yake kidogo, sukuma makali mbele sawa vile unataka kukata ngozi nyembamba kutoka juu ya jiwe. Mara kumi upande mmoja, mpaka ukipitisha kidole upande wa pili, kutoka mgongo kuelekea makali, usikie kitu kidogo kinachokwaruza. Ile ni ishara kwamba umefika ku makali. Geuza, fanya mara kumi. Kisha moja moja kila upande. Maliza kwa kuvuta bapa kinyume ku mukaba wa ngozi ao ku kartoni.

Hakuna jiwe? Geuza kikombe cha kauri ao sahani nzito. Ile duara ya chini ambayo haina rangi inakwaruza kidogo. Inanoa vizuri kwa kisu kidogo.

Ku kiungo, tone moja la mafuta ya mashini ya kushonea. Fundi wa nguo atakupa bila shida. Mawese na mafuta ya kupikia hapana. Yanaganda, yanashika vumbi, na kisu kinakuwa na gundi ndani.

6. Kisu kinaweza kubeba ugonjwa

Hapa ninaongea na wenzangu wa agronomia zaidi, lakini kila mwenye migomba asikilize. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ule wengi munaita wilt ao BXW, unatoka shamba moja kwenda lingine kwa njia tatu kubwa: wadudu wanaotembelea ua dume, miche yenye ugonjwa, na vyuma vyetu. Ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na ni miaka hiyo hiyo ulionekana upande wa Masisi mu Kivu yetu ya Kaskazini. Hauna dawa ya kupuliza. Majani yananyauka, matunda yanaiva kabla ya wakati, na ukikata shina unaona maji ya njano yanatoka. Yale maji yako na bakteria, na sasa yako ku kisu chako.

Kanifu ina ubaya wake hapa. Panga unaweza kulisafisha lote. Kisu cha kukunja kina kiungo na shimo la mpini, na utomvu unajificha mle. Unapangusa bapa na suruali, unafikiri kiko safi, unapanda moto, unafika kwa mama mwingine kilomita kumi mbele, unamkatia mgomba ili umuonyeshe kazi. Umemletea ugonjwa ukiwa na kitambulisho cha agronome shingoni.

Kwa hiyo: mgomba unaoushuku, usiukate na kanifu. Tumia panga la mwenye shamba, lisafishwe pale pale. Ua dume liondolewe na mti wenye panda, bila chuma, mara moja kisha chane la mwisho kutokea. Na kama ulilazimika kutumia kanifu, ifungue, ioshe na maji na sabuni mpaka ku kiungo, kisha itie mu javeli: kipimo kimoja cha javeli ya dukani kwa vipimo vitano vya maji. Sisi wa Beni na Butembo, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 wakati wa Ebola, tulinawa maji ya klorini kila mlango; kufanya vile kwa kisu si jambo jipya. Kisha isuuze, ipanguse, ipake mafuta, juu javeli inakula chuma, hata inoksi.

Panga linaweza kupitishwa mu moto. Kanifu hapana. Moto unaharibu ugumu wa bapa jembamba na kuyeyusha mpini wa plastiki.

Vilevile kwa kahawa. Trakeomikozi, ule mnyauko uliomaliza robusta nyingi upande wa Beni, unaingia ku mti kupitia majeraha, na chuma chenye uchafu kinausaidia. Safisha kati ya shamba na shamba, hata kama hauoni ugonjwa.

7. Sura ya kisu na barieri

Kuko kisu kinaitwa Okapi. Jina lake linatoka kwetu: okapi ni nyama wa msitu wa Ituri, na ngozi na mafuvu yaliyofanya wanasayansi wa Ulaya wamtambue mwaka 1901 vilimfikia Harry Johnston kutoka kituo cha Wabelgiji cha Mbeni, karibu na Semliki. Mwaka uliofuata, 1902, kisu cha jina hilo kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani ya Afrika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mti, bapa la kaboni, bei ndogo: ni kisu cha maskini mwenye kazi. Lakini kule Afrika Kusini, na hata Jamaika, kiliingia mu mikono ya wahuni, na leo ukikitoa mbele ya watu wanakuogopa, hata kama unataka kumenya chungwa. Chuma ni kile kile, lakini watu walishabadilisha maana yake.

Kwetu maana ya kisu ni nzito zaidi. Tangu Oktoba 2014, watu wa Beni na vijiji vyake waliuawa kwa mapanga, shoka na visu. Kila familia inajua. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa uko chini ya hali ya kuzingirwa, na barabara zina barieri. Askari anayekupekua hajui kama wewe ni lisansie. Anaona kijana, moto, mfuko, kisu. Na mama aliyepoteza watu wake hakuombi uthibitisho. Anaona chuma tu, moyo wake unaruka.

Kwa hiyo, wakati wa kuchagua, sura ni sehemu ya ubora. Mpini wa mti ao wa rangi ya wazi, nyekundu, machungwa, kijani. Bapa la kung'aa kawaida, ncha isiyo kali sana, makali upande mmoja. Acha bapa jeusi, acha rangi ya kijeshi, acha ncha ya kuchoma yenye makali pande mbili, acha mafuvu na nyoka ku mpini. Rangi ya wazi ina faida nyingine pia: kisu kikianguka mu majani, unakiona.

Kisha namna ya kukibeba. Kikae mu mfuko wa kazi pamoja na kaye, mita na mifuko ya sampo, kimefungwa. Si ku mukaba, si mu mfuko wa suruali. Beba karatasi ya kazi ao ya staji. Ukifika ku barieri na wanataka kupekua, sema mbele hawajakiona: "Papa, mu sakoshi muko kisu kidogo ya kazi, niko agronome." Usiingize mkono wewe mwenyewe kukitoa, umwachie afungue ao umuulize kwanza. Wakikichukua, acha kichukuliwe. Kisu cha bei ndogo kina uzuri huo pia, kukipoteza hakuumizi sana.

Siku huendi shamba, kiache nyumbani. Ku chuo, ku mechi, ku maandamano, ku matanga, ku baa, usiku, hakina kazi. Na yule anayesema anakibeba "kwa kujilinda" afikiri tena: mbele ya bunduki hakisaidii, na mu ugomvi wa vijana kinageuza ngumi kuwa kifo na gereza. Wenye ndugu Uingereza wanajua kwamba hata kule, bila sababu nzuri, sheria inaruhusu kubeba mbele ya watu kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3 tu, yaani sentimita 7.62. Woga wa kisu hauko kwetu peke yetu.

Kwa kifupi, mbele ya kulipa

Bapa moja, sentimita 7 hadi 9, bila meno. Halichezi, linalala katikati. Kufuli haiachii ukigonga. Sumaku inalishika. Linakata karatasi ya kaye. Mpini hauchomi kiganja. Rangi yake haimtishi mtu. Na pesa ya jiwe, javeli na mafuta iko bado mu mfuko.

Kama kisu kimepita yote hayo, lipa bila kuuliza kimetoka nchi gani. Mwenye kuanza staji, amtumie mwenzake maneno haya mbele hajaenda soko. Tuko pamoja.